Chumvi Niliyoiosha kwa Mikono Yangu

Nilizaliwa kando ya mashamba ya chumvi, upande wa Mikindani. Baba alitengeneza majaruba, yaani vile viwanja vya tope ambamo maji ya bahari huingizwa yakauke juani. Mama alikuwa mmoja wa wanawake waliokomba chumvi maji yakishakauka. Kabla sijajua kusuka nywele nilijua kuosha chumvi. Ukiikomba na kuiweka hivyo hivyo, inabaki na tope na inaacha uchungu mbaya kwenye ulimi. Sisi tuliitia kwenye kikapu, tukaimwagia maji upesi kabla haijayeyuka, tukaikung'uta, kisha tukaianika juu ya jamvi mpaka ing'ae. Mama alikuwa akisema, "Mwanamke mchafu anajulikana kwa chumvi yake." Neno hilo nililichukua kama wengine wanavyochukua urithi wa bangili.

Nilisoma hadi darasa la saba. Baada ya hapo nilijisomea mwenyewe: vijitabu vya kilimo, vya uzazi, hata karatasi za magazeti zilizofungiwa vitumbua. Haya ninayoyaeleza yalinipata miaka ya tisini ikielekea mwisho. Nayaandika kwa ajili ya mwanamke aliye na mimba, au anayenyonyesha, ambaye anaamini kuwa usafi peke yake unatosha.

Niliolewa Likombe na Selemani, mkulima wa korosho na muhogo. Mimba yangu ya kwanza ilifika mwisho. Mtoto alizaliwa mzima kwa sura, na vidole vyake vyote, lakini hakulia. Mkunga alimpiga mgongoni, akampuliza, akamfunika. Mimba ya pili ilitoka kabla sijausikia uhai wake. Nilivuja damu mpaka godoro likatupwa. Nilipopona, Selemani alinikalisha chini akaniambia kwa upole kwamba anataka kuoa mke wa pili. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu ni nani.

Alikuwa Zuhura, msichana Mmakonde wa Newala, mwenye sauti kubwa na mdomo mwepesi. Mwaka haukupita akazaa binti, Hawa. Akafuata wa kiume. Na kuanzia siku Hawa alipozaliwa, mume wangu aliitwa Baba Hawa. Jirani alimwita hivyo, shehe alimwita hivyo, na mimi, mke wake wa kwanza, ikanibidi nimwite mume wangu kwa jina la mtoto wa mwanamke mwingine. Kila nikilitamka, lilikuwa kama mwiba wa samaki.

Tuliishi kiwanja kimoja, kila mtu na jiko lake. Selemani aliogopa dhuluma, na kila kitu aligawa sawa mbele ya macho yetu. Aliposikia kwenye mkutano wa kata kwamba wajawazito watumie chumvi yenye madini joto, yaani iodini, alikwenda mjini akarudi na gunia la chumvi ya mawe lenye maandishi hayo. Akachukua kibaba akagawa: kimoja kwa Zuhura, kimoja kwangu, mpaka gunia likabaki na ukoko chini. Sikuwa na la kulalamikia.

Kwangu chumvi ile ilipita njia ya nyumbani kwetu. Niliiosha, nikaianika siku nzima, nikaiweka kwenye chungu kilicho wazi juu ya kichanja, ipate joto la moshi isilowane. Ilikuwa nyeupe kama mchele wa harusi. Zuhura aliimimina yake kama ilivyo kwenye ndoo ya plastiki, akabana kifuniko, basi. Mara nyingi alisahau kuitia kwenye chakula. Angeepua chungu, aonje, aseme, "Ala!" ndipo atie chumvi mchuzi ukiwa umeshashuka motoni. Nilimtazama nikajiuliza Mungu anapendaje uvivu kiasi hiki, mpaka auzawadie watoto.

Ugonjwa wangu haukuja kwa kishindo. Kwanza nilichoka. Nilikuwa mtu wa kulima kabla ya jua kupanda, sasa nikawa nakaa juu ya jembe. Kisha nikasikia baridi. Nilivaa sweta la Selemani mchana, katika joto la Mtwara, na watoto wakanicheka njiani. Ngozi ya miguu ilikauka ikapasuka. Choo kilikuwa kigumu, siku kadhaa sipati. Nywele zilitoka kwa kitana. Sauti ikawa nzito, mpaka siku moja muuza samaki aliyekuwa nje ya uzio akaniitikia, "Naam, mzee." Na shingoni, chini ya koromeo, pakaanza kuvimba. Hapakuuma. Uvimbe ulipanda na kushuka kila nilipomeza.

Nilijifunga mtandio. Zuhura hakuwa mtu wa kutoona.

"Dada," aliniambia huku akipeta mchele, "huo wivu umekosa pa kukaa moyoni, sasa umepanda shingoni."

"Kalee wanao," nikamjibu.

"Ninawalea. Na huyu mwingine njiani, inshallah."

Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa ana mimba ya tatu. Siku hiyo sikula. Majuma machache baadaye nilijua kuwa mimi pia ninayo. Sikumwambia mtu mpaka tumbo lilipoanza kusema lenyewe. Sikuogopa maneno ya watu. Niliogopa ukimya, ule wa mtoto wangu wa kwanza.

Tulianza kwenda kliniki siku moja, mimi na yeye. Yeye alitembea kama anakwenda ngomani. Mimi nilipumzika kila penye kivuli. Nesi wa wajawazito, Sista Agnes, mwenyeji wa bara, alinigusa shingo, akaitazama kwa makini. Kisha akatangazia wote: kliniki ijayo kila mama aje na chumvi kidogo kutoka jikoni kwake.

Nilifurahi sana. Kwa watoto Zuhura alinishinda, kwa sauti alinishinda, kwa mume sijui. Kwa chumvi hakuna mwanamke wa Newala wa kunishinda mimi. Nilichagua punje nzuri, nikazifunga kwenye karatasi safi. Zuhura alichota yake kwa mkono wenye maji ya nyanya, akaifunga kwenye kipande cha mfuko wa plastiki.

Sista Agnes alipanga visahani mezani, akaweka chumvi ya kila mtu. Alikuwa na kichupa cha dawa. "Nitadondosha tone," alisema. "Ikigeuka zambarau, ina madini joto. Ikibaki nyeupe, haina."

Tone likaanguka kwenye chumvi ya Zuhura. Chafu vile vile ilivyokuwa, ikageuka zambarau iliyokolea, kama ganda la biringanya. Likaanguka kwenye yangu. Tukasubiri. Sista akadondosha jingine. Chumvi yangu ilibaki nyeupe.

"Nzuri kwa kutazama," akasema mama mmoja wa Ufukoni.

"Hawa wawili nyumba moja," akasema mwingine.

Sista akatugeukia. "Mnanunua pamoja?"

"Gunia moja, mume mmoja," akajibu Zuhura. "Kila kitu tunagawana sawa, Sista. Isipokuwa wivu. Huo nimemwachia wote bi nkubwa."

Wanawake walicheka mpaka benchi likatikisika. Mimi niliikusanya karatasi yangu.

Njia nzima ya kurudi nililiona lile zambarau mbele ya macho. Wivu wangu wa zamani nilikuwa nimeuzoea, kama mtu anavyozoea kiatu kibovu. Huu ulikuwa mpya. Rangi ile ilikuwa ya mtoto wake, na weupe ule ulikuwa wa mtoto wangu. Nilipofika nilimwita Selemani.

"Baba Hawa, chumvi ya Zuhura umeitoa wapi?"

"Si niligawa mbele yako?"

"Ipo nyingine. Umemletea kwa siri."

Aliapa kwa Mwenyezi Mungu. Sikumwamini. Mtu mwenye wivu anahitaji ushahidi mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeshauona kwa macho yangu kwenye kisahani. Lakini mimi ni mtu wa kupima jambo. Nikasema nitawaumbua wote wawili kwa dawa ile ile. Zuhura alipokwenda kisimani nilichota chumvi kwenye ndoo yake. Nikachota kwenye chungu changu. Kisha nikakung'uta ule ukoko uliobaki chini ya gunia. Kama chumvi ya gunia ingebaki nyeupe kama yangu, basi ile ya Zuhura ilitoka kwingine, na Selemani ni mwongo.

Nilikwenda peke yangu. Sista Agnes hakuniuliza kwa nini. Akadondosha. Ya Zuhura, zambarau. Ya gunia, zambarau. Yangu, nyeupe.

Nilimwomba arudie yangu, ikabaki nyeupe: Selemani hakuwa mwongo.

"Hii nyeupe imetoka wapi?" akauliza.

"Gunia hilo hilo."

"Baada ya kuitoa kwenye gunia uliifanya nini? Nieleze yote, mama."

Nikamweleza, na nakiri nilieleza kwa fahari: kikapu, maji, kukung'uta, jamvi, jua, chungu juu ya moshi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Madini joto hayamo ndani ya punje," akasema. "Yananyunyiziwa juu kiwandani. Ukiiosha unayamwaga. Yaliyosalia yanapungua kwa jua, kwa joto na kwa unyevu. Umebaki na chumvi tupu."

"Lakini hii ni chumvi ya bahari, Sista. Bahari ina kila kitu."

"Wengi wanasema hivyo. Maji yakikauka, madini joto yanayobaki kwenye chumvi ni kidogo mno. Ndiyo maana yanaongezwa."

Nilifikiria mahali ninapomwaga maji ya kuoshea, nyuma ya jiko langu. Mchanga wa pale ulikuwa umekula chakula cha mwanangu. Na Zuhura, kwa kubana kifuniko tu, alikuwa amemlisha wake.

Sista alinipeleka hospitali siku ile ile. Daktari alinipa maji ninywe huku akitazama shingo yangu. Akaniuliza habari za baridi, choo, nywele, sauti. Nilishangaa: mambo niliyodhani ni maradhi mengi, kwake yalikuwa moja. Alinieleza kwamba shingoni kuna tezi inayotumia madini joto kutengeneza kitu kinachouendesha mwili. Tezi isipoyapata inavimba kwa kujitahidi, nalo ndilo rovu. Mwanamke mwenye mimba anahitaji zaidi kuliko watu wengine, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni unajengwa kwa msaada wa tezi ya mama. Mtoto asipopata, anaweza kufa tumboni, au kuzaliwa kiziwi, au akawa mzito wa akili maisha yake yote. Akauliza pia tunakula nini.

"Ugali wa muhogo na kisamvu. Samaki nimemkataa, mimba hii haitaki harufu yake."

"Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unazidi kuibana tezi," alisema. "Ulowekeni na kuukausha sawasawa. Na samaki jilazimishe, hata kidogo."

Nikamuuliza juu ya wale wawili waliotangulia.

"Siwezi kukuambia kwa hakika kwamba hiki ndicho kilichowaua," alijibu. "Ningekudanganya. Lakini huyu bado yumo, na moyo wake unapiga. Tumsaidie huyu."

Damu yangu ilipelekwa Dar es Salaam kwa ndege ikapimwe. Bila kungoja majibu nikapewa vidonge vya kuisaidia tezi, vya kumeza kila asubuhi kabla ya kula, na nikaagizwa kutumia chumvi yenye madini joto bila kuiosha.

Agizo la pili lilionekana jepesi, halikuwa. Fungu langu lote nilikuwa nimeshaliosha. Ilikuwa masika, barabara ya Dar es Salaam imekatika kwa mvua, na dukani palikuwa na chumvi ya mashamba ya jirani tu, isiyotiwa kitu. Chumvi iliyonifaa katika kiwanja chetu ilikuwa mahali pamoja: ndani ya ndoo ya Zuhura.

Katika miaka yote ya ukewenza sikuwahi kumwomba Zuhura hata kijinga cha moto. Nilikaa mlangoni kwangu nikiutazama mlango wake. Mtoto akacheza tumboni, mchezo dhaifu, kama mtu anayegonga asiyetumaini kufunguliwa. Nikainuka.

"Hodi."

"Karibu, bi nkubwa. Umekuja kukagua sufuria?"

"Nimekuja kuomba chumvi."

Mwiko ukasimama. "Rudia."

"Naomba chumvi, Zuhura."

"Ya kwangu chafu. Ina mkono wa nyanya."

"Nipe na uchafu wake."

Nikamweleza yote, tangu visahani hadi daktari. Alianza kucheka nilipofika kwenye jamvi. "Kumbe uvivu wangu ndio dawa! Ngoja Baba Hawa asikie! Ngoja Likombe nzima isikie!"

"Zuhura," nikasema. "Mtoto."

Akaacha kucheka. Alikuwapo Likombe siku nyingi, alijua habari ya yule mwanangu ambaye hakulia. Aliivuta ile ndoo, akaifungua, nikanyoosha bakuli langu. Hakutia kitu. Akabana kifuniko tena.

"Sikupi," akasema.

Nikajua sasa ndipo ananilipa.

"Nikikupa utaiosha," akaendelea. "Nakujua wewe na mikono yako. Utaona tope kidogo, roho itakuuma, utaimwagia maji. Ntoto hapati kitu. Utakula hapa hapa kwangu, mpaka uzae. Kaa."

Nikakaa. Kuanzia siku hiyo nilikula jikoni kwa mke mwenzangu mchana na jioni, kwenye kigoda cha mwanawe, Hawa akiniuliza, "Mama nkubwa, kwako hakuna chakula?" Zuhura alipika bila mpango. Aliunguza, alisahau, aliimba. Mwisho kabisa, chungu kikiwa chini, ndipo alitia chumvi, akinitazama usoni huku anakoroga. Na mchuzi wake wa samaki wa nazi ulikuwa mtamu. Hilo liliniuma kuliko yote. Kwa muda mrefu nilikuwa nimejifariji kwamba Selemani anakula kwake kwa kujilazimisha.

Nafuu ilikuja polepole. Choo kililainika kwanza. Kisha asubuhi moja nililitupa sweta nikatoka jasho, nikalifurahia jasho langu. Miguu ikaacha kupasuka. Nikamwita muuza samaki, akaniitikia, "Naam, mama." Na mtoto tumboni akaanza kupiga mateke ya kweli.

Zuhura alijifungua mwanzo, bila taabu, mvulana. Nilimwonea wivu kwa wepesi ule, nikiwa bado nabeba wangu. Uchungu wangu ulipokuja nilipelekwa hospitali. Ulikuwa mrefu, nilichanika, nikashonwa. Mtoto alipotoka nilifumba macho, nikangoja ule ukimya.

Akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyechelewa kuhudumiwa. Zuhura alikuwa nje dirishani, mwanawe mgongoni. Nikamsikia akipaza sauti: "Sikieni! Sikieni kelele za bi nkubwa!" Nililia na mimi.

Tulimwita Issa. Mume wangu alibaki Baba Hawa, maana jina la mtoto wa kwanza haliondoki. Lakini mimi niliitwa Mama Issa, na mara ya kwanza nilipoitwa nilichelewa kuitika.

Sista Agnes aliniambia kazi haijaisha. Mtoto mchanga anapata madini joto kwenye maziwa ya mama, na mama hawezi kutoa asichonacho. Nikaendelea na vidonge kama daktari alivyoagiza, na chumvi, na samaki. Nikamnyonyesha Issa maziwa matupu miezi yake ya mwanzo. Kila siku niligonga mfuniko wa sufuria nyuma yake nione kama atageuka. Aligeuka. Mwana wa Zuhura alikaa kabla ya Issa, akatambaa kabla yake, akatembea kabla yake, na kila hatua ya mtoto yule niliihesabu kwa roho mbaya. Kisha Issa naye akatembea. Sasa wanasoma darasa moja, na kwa hesabu wangu yuko mbele. Hilo nalitaja kwa sababu Zuhura atasomewa maandishi haya.

Wenzangu, ninayowaomba ni haya. Nunueni chumvi yenye madini joto, na msiioshe hata ikiwa na vumbi. Ikizidi uchafu, badilisheni duka. Iwekeni kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moto, na muitie kwenye chakula kikishaiva. Msizidishe chumvi kwa tamaa ya dawa, kinachotakiwa ni ile ya kawaida, yenye madini yake. Wala mtu asinywe ile iodini ya kupaka vidonda, ni sumu. Ukiona shingo inavimba, au baridi na uchovu usioelezeka, usijifunge mtandio kama mimi. Nenda kapimwe, na uende mapema, kwa sababu ubongo wa mtoto haungoji.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Sista Agnes na daktari yule. Na namshukuru Zuhura, ambaye alikataa kunipa chumvi.

Nimerudi kupika kwangu siku nyingi, lakini Issa akitoka shule anapita mlangoni kwangu moja kwa moja hadi jikoni kwake, na anatoka huko akilamba vidole. Wivu unanishika vile vile. Hapo humeza mate, nikaweka mkono shingoni. Rovu limepungua, halijaisha lote. Kisha namwita mwanangu kwa sauti ya chini kabisa, kutoka ndani asikoniona, nipime masikio yake, na kila mara huitika, "Naam, mama."